Tuache Kukisia Homa: Bakteria Sugu Kutoka Kisumu Hadi Nakuru

Tazama sahani moja ya maabara. Ni ya plastiki, upana wake milimita 90, na ndani mna chakula cha bakteria kilichoganda kwa kina cha milimita 4. Mtaalamu amechovya pamba safi katika maji yenye bakteria waitwao E. coli waliotoka kwenye mkojo wa mgonjwa, akaipaka sahani nzima, kisha akabandika juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Sahani imelala ndani ya kabati la joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Ikitolewa, uso wake umefunikwa na utando wa kijivu. Dawa ikiwa na nguvu, karatasi yake inazungukwa na duara safi ambapo hakuna kilichoota, na duara hilo hupimwa kwa rula. Kwa siprofloksasini ya mikrogramu 5, duara likifika milimita 26 dawa inafaa. Likiwa 21 kushuka chini, bakteria ni sugu. Kwa ampisilini ya mikrogramu 10 mipaka ni 17 na 13.

Katika sahani za mkojo zinazosomwa hospitalini siku hizi, mara nyingi karatasi ya ampisilini haina duara hata kidogo. Bakteria wameota hadi wakagusa ukingo wake. Ya Septrin ni vivyo hivyo. Siprofloksasini unaweza kuikuta na duara la milimita 15, dogo mno kumsaidia mtu. Nitrofurantoini, dawa ya zamani ambayo wengi hawaijui hata kwa jina, bado inashikilia. Na mgonjwa mwenye mkojo huo pengine alishameza mbili kati ya dawa hizo zilizoshindwa kabla hajafika maabara, kwa sababu mtu fulani alikisia.

Jambo ninalotaka kulisema ni huko kukisia. Usugu una sababu nyingi, lakini katika eneo letu, kuanzia Nakuru hadi mwambao wa Ziwa Victoria, dawa hizi zinapotea hasa kwa sababu zinatolewa kwa homa ambayo hakuna aliyejua imetokana na nini.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema "mwili wangu umeizoea amoksili". Mwili haujazoea chochote. Wanaobadilika ni bakteria, na ndiyo maana usugu ni jambo la mtaa mzima: mtoto ambaye hajawahi kumeza antibiotiki maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu, kutoka kwa maji, kwa mikono ya mlezi au kwa kitanda cha hospitali.

Namna wanavyobadilika si fumbo. E. coli mwenye chakula cha kutosha hugawanyika karibu kila dakika 20. Anza na mmoja. Baada ya saa 7, yaani vizazi 21, umepata zaidi ya milioni 2. Katika kunakili huko kwa haraka makosa hutokea, na moja katika mamilioni mengi linaweza kumpa bakteria njia ya kuikwepa dawa. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa vipande, kama inavyofanyiwa amoksisilini, ile amoksili, na seftriaksoni ya sindano. Wengine wana pampu za kuitapika dawa nje. Wengine hugeuza umbo la sehemu ambayo dawa ilikuwa inaishika. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa na yule mmoja hubaki na uwanja mzima peke yake. Kibaya zaidi, maelekezo ya usugu mara nyingi huandikwa kwenye kijiduara cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii tofauti. E. coli asiyekudhuru tumboni mwako anaweza kumpa Klebsiella, bakteria wa jamii nyingine, silaha hiyo, na plasmidi moja hubeba usugu wa dawa nne au tano kwa mpigo. Kwa hiyo unapomeza antibiotiki kwa ajili ya mafua, unawachuja mabilioni ya bakteria wa tumboni ambao hawakuwa na kosa.

Hesabu ya dunia ilichapishwa mwaka 2022: mwaka 2019 peke yake, watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowaua walikuwa sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na maambukizi ya aina hiyo. Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mzito zaidi ukilinganisha na idadi ya watu.

Taifodi na kipimo kinachotudanganya

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dawa nyingi zaidi zinapomwagika bure. Ingia kliniki yoyote ndogo ya Kondele au Nyalenda mjini Kisumu, Kaptembwo au Rhonda mjini Nakuru, ukiwa na homa, kichwa kinauma na tumbo halitulii. Kuna uwezekano mkubwa utatoka ukiwa umeambiwa una "malaria na taifodi kidogo". Taifodi kidogo haipo. Kinachokuwepo ni majibu ya kipimo cha Widal.

Widal kilibuniwa mwaka 1896. Tone la maji ya damu yako huchanganywa na Salmonella, bakteria wa taifodi, waliokwisha kuuawa, kisha mtu hutazama kama mchanganyiko umegandana chembechembe. Kugandana kunaonyesha tu kwamba una kingamwili zinazowatambua bakteria hao. Hakuambii ulizipata lini. Katika eneo ambalo Salmonella wa aina mbalimbali wamejaa, watu wazima wengi mno watagandisha hata wakiwa wazima kabisa. Malaria yenyewe inaweza kukifanya kipimo kionekane chanya. Nayo damu ya mgonjwa halisi wa taifodi, ikichukuliwa katika wiki ya kwanza, inaweza kutoka hasi kwa sababu kingamwili bado hazijafika kiwango. Kipimo kimoja cha Widal, kilichofanywa siku moja kwenye kigae, hakitoshi kumwanzishia mtu siprofloksasini au sindano za siku saba. Mimi nakihesabu kuwa chanzo kikubwa cha antibiotiki zisizohitajika kuliko hata tamaa ya wauzaji.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Ngozi husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke, kizibo cha chupa nacho hupanguswa, kisha damu huingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria. Kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Kwa mtoto mdogo ni kidogo zaidi, kulingana na uzito wake. Chupa hukaa kwenye joto hadi siku 5 au 7, ingawa bakteria wengi wa kweli huonekana ndani ya siku 2 au 3.

Kuna mambo matatu yanayoharibu. Damu ikiwa kidogo, bakteria hawapatikani, kwa sababu katika taifodi wanaweza kuwa wachache sana kwa kila mililita. Mgonjwa akiwa ameshameza antibiotiki, hata kapsuli mbili za jana, chupa inaweza kukaa kimya ilhali ugonjwa upo. Na ngozi isiposafishwa vizuri, bakteria wa kawaida wa ngozi huota, daktari akadhani ni ugonjwa, mgonjwa akapewa dawa nzito asiyoihitaji. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, kuotesha damu hunasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wa taifodi. Si kipimo kamilifu. Lakini kinapomnasa bakteria, kinakupa pia orodha ya dawa zitakazomuua, jambo ambalo Widal haiwezi kamwe.

Orodha hiyo ni muhimu kwa sababu taifodi ya Kenya ilikwisha kuzishinda dawa zake tatu za zamani: ampisilini, kloramfenikoli na Septrin. Ukoo wa Salmonella Typhi uitwao H58, ulioenea kutoka Asia, ndio uliobeba usugu huo, na hata siprofloksasini imeanza kulegea mbele yake. Huko Sindh nchini Pakistan, tangu 2016, upo ukoo ulioishinda pia seftriaksoni, na kwa mgonjwa asiyelazwa kimebaki kidonge kimoja tu cha kutegemewa, azithromaisini. Tukiendelea kuigawa azithromaisini kwa kila kikohozi cha Kisumu, tutaikosa siku hiyo ikifika hapa.

Siaya na Kisumu zina tatizo jingine linalofanana na hilo lakini si taifodi: Salmonella wa aina nyingine, hasa kundi liitwalo ST313, wanaoingia kwenye damu ya watoto wadogo wenye malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au virusi vya ukimwi. Mara nyingi hakuna kuhara. Kuna homa tu, na wengi wa bakteria hawa ni sugu kwa dawa kadhaa. Mtoto wa namna hiyo akipewa dawa ya malaria na homa isishuke, apelekwe hospitali yenye maabara, si kuongezewa tembe nyumbani.

Afadhali kuzuia. Mwaka 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo mpya ya taifodi kwa watoto kuanzia miezi 9, na kila mtoto aliyechanjwa ni homa moja pungufu ya kukisiwa. Maji ya kunywa yatibiwe: WaterGuard kizibo kimoja kwa lita 20 za maji yanayoonekana safi, koroga, subiri dakika 30. Maji ya ziwa au ya kisima chenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kisha dawa iongezwe kama kibandiko kinavyoagiza.

Kwenye kaunta ya duka la dawa

"Daktari, nipatie amoksili za hamsini." Kila anayesimama nyuma ya kaunta huitwa daktari, awe mfamasia au kijana aliyeachiwa duka, na za hamsini ni kapsuli chache zilizokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa maagizo ya daktari. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu kaunta hii hasa katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945: kwamba siku itafika mtu ataweza kujinunulia penisilini dukani, atameza dozi ndogo, na atawafundisha bakteria kuihimili.

Kapsuli hizo chache hazimtibu mtu. Zinatosha tu kuwaua walio dhaifu. Muuzaji mwaminifu hujibu kwa maswali: "Mama, mgonjwa ni nani? Ana miaka mingapi? Anahema vipi? Ana kilo ngapi?" Ukiona duka linauliza hivyo na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imetundikwa ukutani, lishike.

Kwa mtoto anayekohoa, kinachoamua ni pumzi, wala si rangi ya kamasi. Kamasi ya kijani hutokea hata kwa mafua ya virusi. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili kwa saa au simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana watoto hupumua kwa kubadilika-badilika. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka anahitaji amoksisilini siku hiyohiyo. Akiwa anavuta kifua kwa ndani, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, usipoteze muda dukani, kimbia hospitali. Asiye na dalili hizo apewe vinywaji vya kutosha na Panadol ya kipimo chake kama ana homa. Kikohozi cha virusi kinaweza kuchukua hadi wiki 3 kuisha, na antibiotiki haitakipunguzia hata siku moja.

Amoksisilini ya mtoto wa nimonia hutolewa mara mbili kwa siku kwa siku 5. Zipo tembe za miligramu 250 zinazoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi, na mgawo wake ni huu: kilo 4 hadi chini ya 10, tembe 1 asubuhi na 1 jioni, kilo 10 hadi chini ya 14, tembe 2, kilo 14 hadi 19, tembe 3. Watu hushtuka kuona mtoto wa miaka minne anapewa tembe tatu kwa mara moja, wakampunguzia kwa huruma. Huruma hiyo inampa dawa isiyofika kiwango cha kuua kwenye mapafu.

Ukipewa dawa ya maji ambayo ni unga chupani, gonga chupa kwanza ili unga uachane, tia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi karibu nusu ya alama, tikisa, kisha jaza hadi alamani na utikise tena. Tatizo la kawaida ni kujaza kupita alama, dawa ikawa nyepesi, au kutotikisa kila mara, hivi kwamba mtoto anapata maji matupu siku ya kwanza na dawa nzito siku ya mwisho. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja kinabeba 3, kingine 7. Amoksisilini ya maji hudumu siku 7 nje ya friji. Augmentin ya maji ikishachanganywa inahitaji friji. Kama hamna friji, mwambie mfamasia kabla hajaifungua.

Kuhara nako kunakisiwa sana, kwa Flagyl. Mtoto anayehara maji, bila damu, anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, pakiti kama ilivyoandikwa kwa kipimo chake cha maji, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akiwa zaidi. Basi. Antibiotiki inaingia kukiwa na damu kwenye choo au kipindupindu kikali, na hilo ni la mhudumu wa afya kuamua.

Kwa mkojo unaowasha na kuchoma kwa mwanamke asiye na homa wala maumivu ya kiuno, nitrofurantoini ya siku 5 ndiyo ya kuulizia kwanza, kabla ya siprofloksasini. Haifai ugonjwa ukiwa umepanda hadi figo, wala kwa mama aliye karibu kujifungua. Kama umewahi kutibiwa mkojo miezi ya karibuni na umerudi, omba uoteshwe kabla ya kumeza chochote. Jioshe, mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati uingie kwenye kikopo safi cha maabara, na ufike maabara ndani ya saa 2. Ukichelewa kwenye joto la Kisumu, bakteria wachache wa ngozi huzaana humo kikoponi na majibu yatasema una ugonjwa usionao.

Siprofloksasini ikilazimu, usiimeze na chai ya maziwa, mala wala tembe za madini ya chuma. Kalsiamu na chuma huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu, na dozi nzima ikawa nusu dozi bila wewe kujua. Imeze kwa maji, saa 2 kabla ya vitu hivyo. Doksisaiklini nayo ina tabia hiyohiyo.

Nikitaja doksisaiklini, Kisumu imetoa somo ambalo dunia nzima imelisoma. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia kuambukizwa virusi vya ukimwi walishirikishwa katika utafiti: nusu wapewe doksisaiklini miligramu 200 ya kumeza ndani ya saa 72 baada ya ngono, ili kuzuia kisonono, klamidia na kaswende. Matokeo yalichapishwa 2023. Walioambukizwa katika makundi mawili hawakutofautiana vya kutosha kusema dawa imesaidia. Nywele zao zilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli 58 kati ya 200 tu, kwa hiyo wengi hawakuimeza. Lakini lipo na hili: vimelea vyote vya kisonono vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa doksisaiklini. Kwa hiyo anayejinunulia doksisaiklini peke yake hapa Kisumu kwa ajili ya usaha au maumivu wakati wa kukojoa ananunua nafuu ya kubahatisha, na mwenzi wake anabaki na kisonono.

Na kumaliza dozi? Zamani tulifundishwa kwamba dozi ndefu ndiyo inayozuia usugu. Ushahidi umebadilika: kwa maambukizi mengi ya kawaida, siku 5 zinafanya kazi sawa na siku 7 au 10, na kila siku ya ziada inaendelea kuwachuja bakteria wa tumboni. Hiyo si ruhusa ya kujikatia mwenyewe ukihisi nafuu siku ya pili. Maana yake ni kwamba mwandikaji dawa aandike siku zinazotosha, na wewe uzimalize hizo. Kifua kikuu kiko kando kabisa. Huko ukiandikiwa miezi 6, ni miezi 6. Zinazobaki nyumbani zisihifadhiwe kwa homa ijayo wala asipewe jirani.

Maziwa na kuku

Nakuru, kuanzia Molo na Njoro hadi Bahati na Rongai, ina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, na antibiotiki nyingi ng'ombe hupewa kwa ugonjwa wa kiwele. Mirija ya kuingizwa kwenye chuchu inauzwa kila agroveti. Inavyotakiwa: kamua robo iliyoathirika, yaani sehemu ya kiwele yenye chuchu moja, ikauke, pangusa ncha ya chuchu kwa pamba ya spiriti hadi pamba itoke nyeupe, ingiza ncha ya mrija kidogo tu, milimita chache, sukuma dawa, kanda kwenda juu, kisha chovya chuchu kwenye iodini. Ukiusukuma mrija wote ndani unapanua mlango wa chuchu na kuingiza bakteria wapya. Mrija mmoja ni wa robo moja. Kuugawa kwa chuchu mbili ni kuzipa zote mbili dozi isiyotosha.

Halafu kuna siku za kumwaga maziwa. Kibandiko kikisema saa 72, hesabu inaanzia mrija wa mwisho, na kwa anayekamua mara mbili hiyo ni mikamuo 6. Maziwa ya robo zote nne, kwa sababu dawa huingia kwenye damu ikatokea hata kwenye chuchu ambazo hazikutibiwa. Kuchemsha hakuiondoi dawa. Mwenye kutengeneza mala au mtindi huligundua mapema: maziwa yanakataa kuganda, maana dawa imewaua bakteria wema wa kugandishia. Kiwango kinachokubalika kimataifa cha penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa kilo, kidogo kiasi kwamba ng'ombe mmoja aliyetibiwa anaweza kuharibu tangi la wengi. Wala maziwa hayo asipewe ndama. Unamkuzia bakteria sugu tumboni, naye atawamwaga zizini pamoja na samadi.

Hasara hii yote inapungua kwa kazi ndogo za kila mkamuo: kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi uone mabonge, kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, mgonjwa akamuliwe mwisho, chovya chuchu kwenye iodini, kisha mwekee chakula ili asimame nusu saa hivi huku mlango wa chuchu ukijifunga kabla hajalala kwenye tope.

Kwa kuku, kosa kubwa ni kutibu virusi. Kideri na Gumboro ni virusi. Chanjo ndiyo dawa, na oksitetrasaiklini kwenye maji haitawaokoa. Hata ugonjwa unapokuwa wa bakteria, dawa ya kwenye maji ina kasoro yake: kuku anayeumwa sana hanywi, kwa hiyo wazima wanapata dozi na mgonjwa hapati. Jua huidhoofisha dawa iliyoachwa nje mchana kutwa. Changanya ya siku moja tu, mpigie daktari wa mifugo kabla hujanunua, na kwa kuku wa mayai uliza moja kwa moja kama dawa hiyo inaruhusiwa kwa kuku wanaotaga na mayai yasiuzwe kwa siku ngapi.

Wodini

Mahali ambapo bakteria sugu wanaua haraka zaidi ni chumba cha watoto wachanga. Utafiti wa CHAMPS, unaochunguza sababu za vifo vya watoto Karemo huko Siaya na Manyatta hapa Kisumu, umemtaja Klebsiella pneumoniae mara nyingi mno. Huyu hukaa kwenye masinki, kwenye mirija, kwenye mikono. Wapo walio na kimeng'enya kiitwacho NDM, kilichoripotiwa Kenya tangu 2011, ambacho huvunja hata meropenemu, dawa ambayo hospitali nyingi huiweka ya mwisho. Hapo daktari hubaki na kolistini, inayoweza kuumiza figo, kama ipo.

Mama na ndugu wana la kufanya. Mikono isuguliwe kwa spiriti sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, kabla ya kumshika mtoto na baada ya kumshika, pamoja na kati ya vidole na kidole gumba, sehemu inayosahaulika zaidi. Beseni, shuka na kikombe cha kukamulia maziwa visiazimwe kitanda cha jirani. Mikoba isiwekwe juu ya kitanda. Kitovu kipakwe klorheksidini ya asilimia 7.1 kama mlivyoelekezwa, si majivu, mate wala samadi. Mtoto anyonyeshwe mapema na akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kama hali inaruhusu.

Kwa mgonjwa mkubwa, kila asubuhi uliza kwa heshima: "Daktari, mpira wa mkojo bado unahitajika? Sindano ya mkononi bado inatumika?" Kila siku ya mpira ni mlango uliofunguliwa kwa bakteria, na mara nyingi unabaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuutoa. Ukiambiwa mgonjwa anaanzishiwa seftriaksoni, uliza kama damu au mkojo umeshachukuliwa kwa ajili ya kuotesha. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kungojea majibu, na hatakiwi kungojea. Damu ichukuliwe kwanza, dawa ifuate papo hapo, na majibu yakitoka baada ya siku 2 au 3 dawa ibadilishwe iwe ile inayomlenga bakteria huyo tu, au isimamishwe kama hakuna bakteria.

Wagonjwa wengi wa eneo hili huhamishwa, kutoka zahanati hadi hospitali ya kaunti, kisha hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi mjini Kisumu, ile wenyeji huiita Russia, na kila hatua dawa huanza upya kwa kukisia kwa sababu karatasi zimebaki nyuma. Piga picha ya majibu ya maabara kwa simu yako. Andika jina la kila antibiotiki, kipimo, tarehe ya kuanza na ya mwisho. Homa ikirudi ndani ya wiki chache baada ya kuruhusiwa, mwonyeshe mhudumu wa kwanza utakayemkuta picha hiyo na orodha hiyo kabla hajaandika chochote, na umwambie mgonjwa alilala wodi gani na kwa siku ngapi, kwa sababu bakteria aliyeokotwa wodini hatibiwi kwa dawa ya bakteria wa nyumbani.